Muulize Bi Daktari: Kazi ya kuchunguza kazi za watu

Mwezi uliopita tuligusia hapa kazi ya watafiti wa afya ya kazini na mazingira, yaani wale wanaotafuta kujua kazi ya mtu, au moshi na maji na vumbi la pale anapoishi, vinamfanya nini mwilini. Barua zimekuja nyingi, kutoka Amu, Kizingitini, Malindi mjini, Gongoni mpaka Mambrui. Nimejibu tano, zingine nimezipunguza kidogo, na majina ni yale wenyewe waliyotaka tuandike.

*Assalaam aleikum Bi Daktari. Mimi ni kijana wa Amu, nimemaliza form four mwaka jana nikapata B plas. Babangu ni fundi wa milango ya nakshi na mimi nimekulia karakanani. Babangu pua zinamziba miaka yote, asubuhi anapiga chafya mpaka anakaa chini, mwenyewe anasema ni upepo wa kusi. Niliposoma ile makala yenu nikajiuliza kwani kuna mtu kazi yake ni kuchunguza vumbi la mbao? Na huyo mtu amesomea nini, ni daktari au ni mwalimu wa chuo? — Mtoto wa Fundi, Langoni*

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa B plas, hiyo si alama ndogo. Ndio, mtu huyo yuko, na vumbi la mbao ni katika vitu vilivyochunguzwa sana kwenye hii fani. Kule Uingereza kuna mji unaitwa High Wycombe, miaka na miaka riziki yao ilikuwa kutengeneza viti, sasa kwenye miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke wa pua, masikio na koo, Esmé Hadfield, akaanza kuona kwenye kliniki yake saratani ya ndani ya pua ambayo kwa kawaida ni adimu, daktari anaweza kustaafu hajaiona, na yeye anaipata tena na tena na wengi wanaoiugua ni mafundi wa viwanda vya viti na meza. Hakuishia kushangaa. Akaungana na wenzake wa Oxford akiwemo Donald Acheson, wakatafuta nani ameugua, alikuwa anafanya kazi gani, wapi, tangu mwaka gani, wakalinganisha na watu wengine wa maeneo yale yale, na hesabu ikasimama kwamba wanaokaa na vumbi la mbao ngumu ndio wanaougua. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika kwamba vinaleta saratani kwa binadamu.

Sasa usikimbie kumtisha mzee. Saratani hiyo hata kwa mafundi ni adimu na inachukua miaka mingi sana kujitokeza. Kinachosumbua mafundi wengi zaidi ni hicho hicho unachokieleza, pua kuziba, chafya, kifua kubana, ngozi kuwasha, na mvule hasa unajulikana kwa kuleta pumu na muwasho. Lakini mpeleke akaonwe, na hasa akianza kuziba upande mmoja tu au kutoka damu puani usingoje hata wiki, na amwambie daktari wazi wazi kwamba yeye ni fundi wa mbao tangu ujana wake, manake asiposema ataandikiwa dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani. Kuna mganga wa Modena, Italia, akiitwa Ramazzini, aliwahimiza madaktari tangu mwaka 1700 wawe wanamuuliza mgonjwa "unafanya kazi gani?" na mpaka leo kwenye vituo vyetu vingi mgonjwa anaulizwa umri, kijiji, namba ya simu ya ndugu, lakini kazi inaandikwa "biashara" au "kibarua" halafu basi. Hili linaniuma na nitalirudia mpaka mchoke.

Mtafiti akija karakanani kwa babako atamfunga kipampu kidogo kiunoni chenye mpira mwembamba unaopanda begani mpaka karibu na kola, na kwenye ncha ya huo mpira kuna kikaratasi cha kuchuja ambacho kilishapimwa uzito maabara kabla ya kuletwa. Kipampu kinavuta hewa ile ile anayoivuta yeye, lita kama 2 kwa dakika, tangu anapoanza kuranda mpaka anapofunga mlango jioni. Kikaratasi kinarudi maabara kinapimwa tena, ule uzito ulioongezeka ndio vumbi, unaugawa kwa hewa iliyopita unapata kila mita moja ya ujazo wa hewa ilikuwa na miligramu ngapi. Atampa pia mdomo wa mashine apulize kwa nguvu zake zote, sekunde 6 bila kukata pumzi, huku mtafiti anamsimamia anamwambia puliza, puliza, puliza, bado, bado, hiyo inaonyesha mapafu yana nguvu gani na njia za hewa ziko wazi kiasi gani. Halafu atakaa tu atazame. Kwa sababu patasi inatoa vipande vikubwa vinavyoanguka chini, havifiki kifuani, vumbi lenyewe linatoka kwenye msasa na zaidi kwenye mashine ya msasa, na magharibi ikikaribia kijana anafagia kavu kavu na lote lililokuwa limeshalala linaamka. Mtu wa vitabu tu hawezi kulijua hilo. Wewe unalijua tayari, kabla hujasoma chochote, na ndio maana nataka sana watoto wa mafundi waingie kwenye hii kazi.

Kuhusu kusoma. Kwa B plas udaktari wenyewe ni mgumu kupata, wanaochukuliwa huwa wako karibu na A, na ni miaka 6 pale Nairobi na mwaka 1 wa intanshipu ndio uanze kufikiria kingine. Lakini hii fani si ya madaktari peke yao hata kidogo. Kuna wapimaji wa hewa na kelele, kuna wakemia, watu wa takwimu, manesi, na kuna mabwana afya ambao mimi nawaheshimu sana kwa sababu wao ndio wanaoingia kila ua na kila kiwanda. Digrii ya afya ya mazingira iko chuo kikuu cha Moi na iko cha Kenyatta, ukimaliza unaweza kwenda JKUAT, kile chuo kikuu cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, kufanya masta ya usalama na afya kazini au ukafanya masta ya afya ya umma, miaka kama 2, halafu PhD ukitaka kuwa mtafiti wa kuongoza wengine. Na usidharau chuo cha afya cha Muhimbili pale Dar es Salaam, wenzetu wale kwa miaka mingi wamefanya kazi na chuo kikuu cha Bergen cha Norwei wakipima vumbi kwenye viwanda vya kahawa na mkonge, wanawahoji wafanyakazi kwa Kiswahili, na wamesomesha watu mpaka wakapata PhD humo humo. Kwa daktari anayetaka ubingwa kamili wa tiba ya kazini, Afrika Kusini ndio wako mbele huku kwetu Afrika, wana migodi na wamezika watu wengi, walilazimika.

Ukiniuliza somo gani ulishike sana nitakwambia hesabu. Bayolojia utafundishwa, kemia utafundishwa, lakini asiyeiogopa hesabu ndiye anayeishia kuwa mtafiti.

*Bi Daktari habari za kazi. Mimi ni nesi kwenye zahanati huku upande wa Gongoni. Wengi wa wagonjwa wangu ni vibarua wa chumvini, wanakuja na vidonda vya miguu visivyopona, macho mekundu yanayochoma, na wengine vijana kabisa wanalalamika kiuno na mkojo kutoka kidogo. Nilimwambia msimamizi mmoja akanijibu, mbona waliopo kazini wote wazima, njoo uwapime uone. Nataka kufanya utafiti lakini nina diploma tu. Naanzia wapi? — Nesi wa Chumvini*

Mdogo wangu, barua yako ndiyo niliyokaa nayo zaidi.

Alichokwambia huyo msimamizi ni kweli kabisa na bado si hoja. Ukienda chumvini kesho asubuhi ukawapima wote utakaowakuta na beleshi mkononi utawakuta wazima. Yule ambaye macho yalimharibikia kasharudi kwao Marafa analima, yule wa mgongo anauza mahamri stendi, aliyekufa hayupo kwenye foleni yako. Kazi ngumu inawachuja watu yenyewe, inawabakiza wenye nguvu, na pia anayeandikwa kazi tangu mwanzo ni yule mwenye mwili, mgonjwa hajisumbui hata kwenda kuomba. Kwa hiyo ukilinganisha wafanyakazi wa kiwanda chochote kile na wanakijiji wote kwa jumla, wafanyakazi wataonekana na afya nzuri kuliko wanakijiji, na mtafiti asiyelijua hili ataandika ripoti kwamba chumvi haina neno, tena ataiandika kwa moyo safi. Hili watafiti wa kazini wamelijua tangu zamani na mtu wa kwanza kukuuliza ukipeleka andiko lako atakuuliza hili: walioacha kazi umewatafuta?

Ngoja nikupe mfano wa aliyewatafuta. New York kulikuwa na daktari akiitwa Irving Selikoff, alikuwa akiona wagonjwa waliofanya kazi na asbestosi, yaani nyuzi za madini za kuzuia joto, akataka kujua kama kweli inaua. Hakwenda kupima waliopo zamu siku hiyo. Alikwenda kwa chama cha wafanyakazi, cha mafundi wa kufunga asbestosi kwenye mabomba na maboila, wakampa daftari lao la wanachama. Akachukua watu 632 waliokuwa wameandikishwa kabla ya 1943 akawafuatilia kila mmoja popote alipokwenda mpaka mwisho wa 1962, aliyehama, aliyeacha, aliyekufa, na kwa kila aliyekufa akatafuta kimemuua nini. Kwa hesabu ya Wamarekani wa kawaida wa umri ule, saratani ya mapafu na utando wake ilitakiwa iwaue 6 au 7. Iliwaua 45. Matokeo yalitoka 1964 na dunia haikuweza tena kusema asbestosi ni salama. Sasa wewe jiulize, huko chumvini daftari la majina ya zamani analo nani? Mshahara unalipwa kwa orodha. Chama kina orodha. Mzee wa mtaa anajua nani alifanya kazi mwaka gani. Utafiti wako uko humo, hauko kwenye foleni ya wazima.

Na kuwahoji, usiwahojie pale kazini. Alice Hamilton, daktari wa Marekani aliyepewa kazi na jimbo la Illinois mwaka 1910 kuchunguza sumu ya madini ya risasi viwandani, aliona mapema kwamba mfanyakazi akiwa mbele ya bosi hasemi, akawa anawafuata majumbani kwao, anazungumza na wake zao, anapekua mafaili ya hospitali. Na wewe nenda nyumbani jioni, kaa kwenye mkeka, wacha mtu aongee.

Hayo malalamiko ya kiuno na mkojo kidogo kwa vijana yasikupite. Amerika ya Kati, El Salvador na Nikaragua, wakata miwa wamekuwa wakifa kwa figo bila kisukari wala presha, vijana kabisa, na watafiti walipofuatilia wakaona joto na kazi nzito na upungufu wa maji mwilini siku baada ya siku viko katikati ya hilo tatizo, na pale palipowekwa kivuli, maji na mapumziko ya lazima figo za watu zikaharibika kidogo kuliko awali. India pia, kwenye mashamba ya chumvi ya Tamil Nadu, watafiti wa Chennai wamewapima vibarua wa chumvi joto na figo. Juani, kwenye chumvi nyeupe inayorudisha mwanga machoni, hakuna mti hata mmoja, mtu analipwa kwa alichovuna kwa hiyo hasimami kunywa maji. Sisemi tayari ndicho kinachowaumiza wako. Nasema ni swali halali la utafiti na mtu wa kuliuliza ni wewe unayewaona.

Kuanza kwenyewe hakutaki digrii. Kuanzia kesho kila mgonjwa muulize kazi, ameifanya miaka mingapi, aliacha lini, na uandike vizuri kwenye kumbukumbu za zahanati, usiandike majina ya watu kwenye daftari lako la nyumbani, hiyo ni siri yao. Ongea na bwana afya wa wodi. Nchi yetu ina mafunzo ya kufuatilia magonjwa mashinani, FELTP, tangu 2004, na yana kozi ya miezi mitatu hivi inayochukua manesi na mabwana afya waliopo kazini, omba kupitia kaunti. Na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wako Kilifi tangu 1989, sio mbali nawe. Ukiwa na takwimu za mwaka mmoja zilizoandikwa sawasawa utashangaa nani atakubali kukusikiliza.

Huku ukingoja, huyo msimamizi mkumbushe kwamba sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na gambuti na miwani mwajiri ndiye anunue, sio kibarua.

*Mimi ni mzee wa Kizingitini, kazi yangu tangu ujana ni kupiga mbizi kutafuta kamba. Watafiti wamekuja hapa sijui mara ngapi, huyu anauliza samaki, huyu masikio, huyu anataka damu, wanaandika, wanapiga picha, wanapanda boti wanaenda. Karatasi ya majibu hatujaiona. Sasa mjukuu wangu anasema anataka kusomea hiyo kazi nami nimemwambia hiyo ni kazi ya kula kwa migongo ya watu. Nijibu. — Mzee wa Mbizi*

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli na sitakupinga, yako mambo mengi yanafanywa hivyo, na mtafiti anayechukua damu ya mtu asirudi na majibu amefanya dhuluma hata kama makaratasi yake yote yako sawa.

Akija mwingine kabla hujamkaribisha muulize kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti, kiko wapi, na muulize kamati gani ya maadili ya utafiti imempitishia, hivyo vyote viwili lazima awe navyo na aonyeshe bila kukasirika. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili unachokielewa, na kama macho hayasomi vizuri akusomee mjukuu wako. Una haki ya kukataa, una haki ya kukubali leo na kesho kuacha, na hakuna mtu wa kukunyima boti wala dawa kwa sababu umekataa. Muulize damu inakwenda maabara gani, itakaa muda gani, na ikionekana kitu kibaya kwangu mimi mwenyewe, sio kwa kijiji, utaniambia lini na nitatibiwa wapi? Hilo la mwisho ndilo litakaloonyesha umepata mtafiti wa aina gani. Na aseme atarudi lini kwenye baraza kusema alichokipata.

Lakini mjukuu usimzuie, nakuomba. Kuna wapiga mbizi wa kamba kama wewe, Wamiskito wa Honduras, wengi wao wamepooza miguu kwa kuzama na mitungi ya hewa kina kirefu mara nyingi kwa siku na kupanda juu haraka, hewa inatengeneza mapovu kwenye damu na kwenye uti wa mgongo. Waliumia miaka mingi huku matajiri wa boti wakisema ni ajali za bahari. Familia za wapiga mbizi 42 zilifikisha kesi mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika na mwaka 2021 serikali yao ikakubali kwamba ilibeba wajibu. Bila mtu wa kuandika nani alizama, kina gani, mara ngapi, alipopanda alisikia nini, hayo yote yangebaki hadithi za vibarazani. Kizingitini vijana wanaumwa viungo na masikio, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Mtoto wa hapo hapo akilisomea, atapandia boti gani aende asirudi?

*Bi Daktari niambie ukweli tu, kuna pesa humo? Manake nina mke na mtoto mmoja, nina digrii ya kemia, nafanya kazi hotelini hapa Malindi kupima maji ya bwawa. Na huyo mtafiti analipwa na nani, kiwanda kile kile anachokichunguza? — Kaka wa Barani*

Kaka, mshahara upo lakini utajiri usiutegemee. Waajiri ni vyuo, KEMRI, wizara ya kazi kupitia idara yake ya usalama na afya kazini ambayo watu wanaiita DOSHS, mamlaka ya mazingira NEMA, kaunti, na huko juu mashirika ya dunia ya afya na ya kazi, WHO na ILO, halafu viwanda vikubwa na bandari zinazoajiri watu wao wa usalama, na kusema kweli hawa wa viwandani ndio wanaolipwa vizuri. Mtafiti anaishi kwa granti, yaani pesa za ufadhili, miaka 2 au 3 ya mradi, ikikaribia kwisha unaandika nyingine usiku, ukikosa unakaa. Wenye familia wengi wanafundisha chuo ili mshahara uwe wa uhakika na utafiti unafanyika juu yake. Wewe mkemia una nafasi nzuri, maabara za kupima maji, hewa na damu zinatafuta watu wenye mkono wa utulivu na hiyo kazi ya bwawa ni ya afya ya mazingira tayari, klorini inayozidi inaumiza kifua cha yule kijana anayeichanganya kabla haijamfikia mtalii.

Swali lako la pili ni zito zaidi. Pesa ya kiwanda si haramu, lakini isipokuwa imeandikwa kwenye mkataba kwamba matokeo yatachapishwa yakiwa mazuri au mabaya na kiwanda hakina kalamu ya kufuta, mimi ningeiacha. Na ukichapisha unaandika wazi nani alikulipa.

Unajua yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ubavuni mwa nyumba za watu, Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake, mtoto wake anayenyonya akaugua na alipopimwa akakutwa na risasi kwenye damu. Akaanza kupigania wenzake, mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivunja, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kesi nzima ilisimama juu ya nini? Vipimo vya damu, vipimo vya udongo, vipimo vya vumbi la mapaa. Mtu fulani maabara alishika kichupa kwa uangalifu na hakubadilisha namba. Na huku kwetu Amu, ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa na tathmini ya mazingira ilikuwa na mapengo. Maswali ya moshi, majivu na maji ya moto baharini yalitaka watu wa kuyajibu kwa takwimu na wa kwetu walikuwa wachache mno. Hiyo ndio kazi kaka. Kama unaona mshahara wa kutosha na kazi ya namna hiyo vinakutosha, njoo.

*Bi Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mambrui. Mume wangu ni mvuvi, risasi za nyavu anayeyusha mwenyewe jikoni kwangu kutoka kwa betri za magari, na sufuria ni ile ile kuukuu ya kuchemshia maji. Binti yangu wa form two amesoma shuleni kwamba risasi ni sumu, sasa kila siku wanagombana na babake. Mimi naona kama mtoto ana akili ya hiyo kazi mnayoisema, lakini watu wanasema ni ya wanaume. Na mdogo wetu wa mwisho ana miaka miwili, amechelewa kusema. — Mama Watatu*

Mama, binti yako ana haki, na mwambie baba kwa upole lakini leo leo. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, moto wa kuni unatosha kabisa, na moshi wake na lile jivu la juu vinatua kwenye vyombo, kwenye sakafu, kwenye nguo. Mtu mzima anaiweka mifupani na anaweza kwenda nayo miaka. Mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni anaifyonza zaidi ya mtu mzima na inamdhuru ubongo bado unajengwa. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 wazazi walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu yenye risasi majumbani na watoto zaidi ya 400 walikufa, na hao wazazi walikuwa wanatafuta riziki tu kama mume wako.

Kuyeyusha kutoke jikoni kabisa, kuende mbali na nyumba, na betri asizivunje yeye, ile asidi na ule unga wa ndani ndio mbaya zaidi, kama ni lazima anunue risasi ya vipande safi au nyavu zifungwe vizito vingine, mawe yamefanya kazi hiyo tangu mababu. Sufuria hiyo isirudi jikoni, itupeni. Nguo zake zifuliwe peke yake na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe kavu. Watoto wale vizuri, maziwa, dagaa, mboga za majani, mtoto mwenye upungufu wa chuma na kalisi anafyonza risasi zaidi.

Na ya wanaume nani amesema? Huyo Alice Hamilton niliyemtaja juu, mwaka 1919 Harvard walimwajiri kufundisha wakati chuo chao cha udaktari hakijawahi kupokea hata mwanafunzi mmoja wa kike, kwa sababu hakukuwa na mwanamume Marekani nzima anayejua sumu za viwandani kumzidi. Na alijua kwa sababu aliingia majumba ya watu, jambo ambalo mtafiti mwanamume huku kwetu hawezi hata leo, hawezi kuingia ua wa mtu akakaa jikoni na mama akaona sufuria imewekwa wapi. Binti yako anaweza. Ashike kemia na hesabu, na mpe daftari aandike baba alianza lini kuyeyusha, mara ngapi kwa mwezi, nani huwa jikoni wakati huo.

Nenda hospitali ya Malindi na useme kwa maneno haya, nataka mtoto apimwe risasi kwenye damu, baba anayeyusha betri nyumbani. Wakisema hawana kipimo waulize sampuli inapelekwa wapi, zipo maabara Mombasa na Nairobi. Kabla ya kumchoma kidole waoshe mkono wa mtoto kwa sabuni na maji mengi wakaushe, manake risasi iliyo juu ya ngozi ikiingia kwenye tone la damu majibu yatakuwa ya uongo, na ikitoka juu wamrudie kwa sindano ya mshipa. WHO tangu 2021 inasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe, nyinyi chanzo mnakijua tayari, kiondoeni bila kungoja majibu. Wa kupimwa kwanza ni huyo wa miaka miwili, halafu wewe kama una mimba au unanyonyesha, baba afuate.